Shepu ya gitaa la umeme: ya kizamani au ya kujibunia? Maswali ninayoulizwa karibu kila siku

Natengeneza na kurekebisha magitaa, na karibu kila anayeingia na gitaa mgongoni lazima aguse hili jambo la shepu, mwingine anataka kununua, mwingine anataka nimchongee kitu ambacho hakijawahi kuonekana duniani. Nimeamua nijibu hapa kwa urefu, pengine itamsaidia hata yule aliye mbali.

Shepu za kizamani ndo zipi, na za kujibunia ndo zipi?

Tuelewane kwanza kwenye neno, maana shepu ya kujibunia wengine wanaiita "orijino", na kwetu ukisema "orijino" mtu anaelewa sio feki, anawaza duka gani Kariakoo linauza. Hapa sizungumzii hayo. Nazungumzia bodi yenyewe, ile mbao imekatwaje.

Za kizamani ni zile ambazo hata mtoto ukimwambia chora gitaa la umeme atachora moja kati ya hizo: Telecaster (1950 ilipoanza iliitwa Broadcaster, jina likabadilishwa baada ya kampuni ya Gretsch kusema lao la ngoma linafanana), Les Paul ya 1952, Stratocaster ya 1954, ES-335 ya 1958 yenye matundu mawili ya herufi f, SG ya 1961, na kwa upande wa besi Precision ya 1951. Za kujibunia ni zile ambazo mtu alikaa chini akaanza na karatasi nyeupe.

Ila naomba ulishike hili maana ndo msimamo wangu wote: kila shepu ya kizamani ilikuwa ya kujibunia siku ilipotoka. Hakuna iliyozaliwa na mvi. Watu walichora kwa sababu fulani, mwili wa mpigaji ukakubali au ukakataa, basi.

Sasa kama umeme ndo unatoa sauti, mbona bado tunachonga kitu chenye kiuno kama gitaa la kawaida? Si ingetosha ubao tu?

Ingetosha, na watu walishajaribu. Gitaa la umeme la mwanzo lililopata soko, la Rickenbacker mwanzoni mwa miaka ya 1930, lilikuwa la alumini, shingo ndefu na kiduara kidogo mwishoni, watu wakaliita Kikaango na kweli ukiliona unawaza mayai. Lile lilikuwa la kulaza mapajani kwahiyo kiuno hakikuhitajika.

Halafu Les Paul mwenyewe, yaani mtu, sio gitaa, miaka ya 1940 mwanzoni akachukua gogo la msonobari la inchi nne kwa nne, akafunga shingo na pikapu (kile kifaa cha sumaku kinachodaka mtikisiko wa nyuzi). Alisimulia kwamba alipolipiga mbele ya watu hawakulijali, akaenda akakata gitaa la Epiphone katikati, akabandika mabawa yake kushoto na kulia mwa lile gogo, sauti ileile, watu ndo wakalipokea. Kwahiyo sehemu ya jibu ni macho. Watu wanasikiliza na macho pia, tusikatae.

Lakini sehemu kubwa zaidi ni paja. Kaa kwenye stuli na gitaa lako uangalie, kile kiuno ndo kinakaa juu ya paja, kikitoka tu gitaa linateleza na mkono wako wa kushoto unaanza kazi mbili, kubonyeza nyuzi na kubeba gitaa. Ukishabeba gitaa na mkono wa kushoto huwezi kupiga solo ya maana.

Shepu inabadilisha sauti?

Kwa bodi ya mbao nzima isiyo na uwazi ndani, kidogo sana, kidogo kiasi kwamba ukibadilisha nyuzi tu umeshapata tofauti kubwa kuliko hiyo. Sauti inatoka kwenye pikapu, pikapu imekaa wapi, urefu wa uzi kutoka kwenye nati (kile kijiti cha mpakani mwa kichwa na shingo) hadi daraja (pale nyuzi zinapokaa kwenye bodi), spika, na vidole vyako. Bo Diddley alikuwa anapiga gitaa la mstatili kabisa kama boksi, Gretsch walimtengenezea, na hakuna anayesikiliza akasema hii sauti ni ya mstatili.

Bodi yenye uwazi ndani ni habari nyingine, hapo hewa inafanya kazi, na ukisogea karibu na ampi (kikuza sauti) yenye sauti kubwa linaanza kuvuma lenyewe. ES-335 ndo maana ina kipande cha mbao katikati kuzuia hilo.

Kwanini Strat (yaani Stratocaster) ina pembe mbili, tena ya juu ndefu? Na kwanini imekatwa tumboni?

Hili swali nalipenda kuliko yote, maana hapa ndo unaona kwamba shepu nzuri ni majibu ya malalamiko.

Besi ndo ilianza. Bwana Leo Fender, mwenye kampuni ya Fender, alipotengeneza Precision 1951, shingo ya besi ni ndefu na vikazio vya nyuzi ni vizito, ukiifunga kwenye bodi ya Telecaster kichwa kinaenda chini kama mtu anayesinzia kwenye daladala. Dawa ikawa kuirefusha pembe ya juu, ili kitufe cha mkanda kisogee mbele. Freddie Tavares, aliyekuwa anafanya kazi Fender, alipoanza kuichora Strat akalichukua wazo hilohilo, ndo maana ukiziweka Strat na P-Bass (hiyo besi ya Precision) pamoja zinaonekana ndugu.

Hilo la tumboni ni wapigaji. Telecaster ni ubao wa bapa, unene kama milimita 45, kona zake zimenyooka, ukiipiga masaa matatu manne ukumbini ile kona ya nyuma inakuchimba mbavu na kona ya mbele inakukata mkono juu ya kiwiko. Wanamuziki kama Bill Carson na Rex Gallion walilalamika. Fender wakaukata mgongo pale tumbo linapogusa, na mbele wakainamisha pale mkono unapolala. Basi, 1954 ikatoka.

Ukitaka kuelewa hili bila kusoma chochote, chukua Tele na Strat, zifunge zote mkanda urefu uleule, piga kila moja dakika 20 bila kupumzika, halafu vua shati uangalie mbavu. Nilimfanyia hivyo kijana mmoja aliyekuwa anabisha, akakuta mstari mwekundu wa Tele umelala kuanzia ubavuni hadi karibu na kitovu, na Strat haikuacha kitu. Hakubisha tena, na hata hivyo akanunua Tele kwa sababu anaipenda, na mimi nikamkatia mbao pale tumbo linapogusa kwa tupa na msasa, masaa mawili kazi imeisha.

Flying V (lenye umbo la herufi V) na Explorer (lenye kona kali) je? Zile si za mwendawazimu?

Sio za mwendawazimu hata kidogo, zilikuwa miaka kumi mbele ya wanunuzi. Gibson, hao wa Les Paul, chini ya bosi wao Ted McCarty walikuwa wanaambiwa wao ni kampuni ya wazee, wakaamua 1958 watoe magitaa yanayofanana na dunia ya roketi. Hayakununuliwa. Flying V za mwanzo hazifiki hata 100, leo moja ni bei ya nyumba.

Na sisi huku tuna jambo la kujua hapo: mbao yake waliita Korina, lakini Korina ni jina la biashara tu, mti wenyewe ni limba, unaota misitu ya Afrika ya Kati na Magharibi, Kongo ukiwemo. Yaani lile gitaa la ajabu kuliko yote la Marekani lilichongwa kwenye mti wa jirani zetu.

Watu wanasema V haikaliki. Inakalika, ila sio kama Strat. Unaweka paja lako la kulia katikati ya yale mabawa mawili, shingo inapanda juu kidogo kama wanavyokaa wapigaji wa gitaa la klasiki, na kwa kweli mkono wa kushoto unapata raha. Zile za 1958 ziliwekwa hadi kipande cha mpira chenye mistari pembeni ili lisiteleze kwenye suruali, kwahiyo walilifikiria. Halafu V iko sawa kushoto na kulia. Albert King, mpigaji wa bluzi, alikuwa anapiga kwa mkono wa kushoto gitaa la mkono wa kulia akiligeuza juu chini, na V ikigeuzwa inabaki V, hakuna pembe inayomziba.

Hizi zenye kiuno kilichokaa upande, zinazoonekana kama zimepinda, ni nini?

Hizo zinaitwa ofuseti. Ya kwanza maarufu ni Jazzmaster, nayo ya 1958, mwaka ule ulikuwa na baraka. Fender walisogeza kiuno cha juu na cha chini visikae mstari mmoja, ili mtu aliyekaa kwenye kiti, gitaa limsogelee bila kupinda mgongo. Waliwalenga watu wa jazi. Wa jazi hawakuja, wakaja wa muziki wa surf kule California, na baadaye vijana waliozikuta bei rahisi madukani za mtumba. Kama unapiga zaidi ukiwa umekaa, kajaribu ofuseti kabla hujanunua kingine chochote.

Gitaa langu nikiliachia kichwa kinashuka chini. Tatizo ni nini?

Tatizo ni shepu, na usimruhusu muuzaji akuambie ni mkanda.

Gitaa likining'inia linashikwa sehemu mbili, kitufe cha nyuma kabisa na kitufe cha mbele. Kama kitufe cha mbele kiko karibu na freti ya 12 (freti ni vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo), kama kwenye Strat, uzito wa shingo na kichwa unabebwa vizuri. Kikirudi nyuma, mathalani SG ambayo pembe zake ni fupi na kitufe kiko nyuma pale shingo inapoungana na bodi, shingo yote inakuwa imening'inia mbele bila mtu wa kuishika, na bodi ya SG ni nyembamba na nyepesi haiwezi kuivuta irudi. Besi za Thunderbird ndo usiseme.

Mimi mwenyewe gitaa la kwanza nililolichora kichwani mwangu lilikuwa la umbo la papa, pembe ya juu nikaifanya fupi yenye ncha kama pezi kwa sababu ilipendeza, nikalichonga kwenye mkangazi mzuri sana niliosubiri miezi ukauke, nikapaka rangi, nikalifunga nyuzi, nikalivaa, kichwa kikashuka hadi magotini. Niliumia. Nilijaribu kusogeza kitufe mara tatu, kila mara naziba tundu la zamani kwa kijiti cha mpingo na gundi, mpaka leo ukiligeuza unaona yale madoa matatu meusi yamepangana kwenye ule wekundu wa mkangazi. Lilikaa sawa niliposogeza kitufe nyuma ya bodi juu kabisa na kubadilisha vikazio kuwa vyepesi. Tangu siku ile sikati mbao kabla sijaning'iniza mfano.

Kwa lako wewe: anza na mkanda mpana wa ngozi ambao upande wa ndani ni ngozi isiyong'arishwa yenye mkwaruzo, unashika bega hautelezi. Ikishindikana badilisha vikazio. Ikishindikana hamisha kitufe. Usifunge vyuma ndani ya bodi kuongeza uzito, mgongo wako utakudai.

Na yale yasiyo na kichwa?

Hapo ndo ubunifu wa kweli ninapouvulia kofia. Ned Steinberger hakuwa fundi wa magitaa, alikuwa mtu wa kubuni fanicha, na mwishoni mwa miaka ya 1970 akajiuliza kichwa kina kazi gani. Kazi yake ni kushika vikazio. Vikihamia nyuma ya daraja, kichwa hakina kazi, kikiondoka tatizo la kushuka nalo limeondoka. Besi yake ikawa kijimstatili kidogo cha nyuzinyuzi za kaboni. Mswidi Ola Strandberg miaka ya karibuni akaliendeleza wazo, ila yeye akarudisha mbao na kuichonga bodi ifuate mapaja na mbavu, ukae nalo hivi au vile.

Wapo wasiopenda sura yake na nawaelewa. Ila mgonjwa wa bega akija kwangu, hilo ndo namwonesha kwanza.

Nikinakili shepu ya Strat au Les Paul nitashtakiwa?

Kesi zipo nyingi, nikupe zenye uzito. 1977 wenye Gibson waliwashtaki wasambazaji wa Ibanez Marekani, na ugomvi ulikuwa kichwa cha gitaa, sio bodi, wakamalizana nje ya mahakama. Gibson tena wakawazuia kampuni ya PRS kutengeneza gitaa lao la pembe moja, mwaka 2005 mahakama ya rufaa ikawapa PRS haki. Mwaka 2009 Fender walikataliwa kusajili bodi za Strat, Tele na P-Bass kama alama ya biashara, kwa sababu wengine walishazitengeneza miongo mingi na shepu zimeshakuwa za kila mtu. Ulaya 2019 Flying V nayo ikakataliwa. Ila usibweteke, Texas mwaka 2022 Gibson walishinda dhidi ya wenye magitaa ya Dean kwenye shepu kadhaa, halafu 2024 mahakama ya rufaa ikairudisha kesi isikilizwe upya.

Ninachowaambia mafundi wenzangu: kichwa ni sahihi ya mtu, usiiguse. Fender wamesajili vichwa vyao. Bodi yenye pembe mbili ni lugha ya wote sasa hivi, lakini kichwa chora chako, na jina andika lako. Kuandika "Fender" kwenye mbao uliyochonga wewe ni wizi, mara mbili, unamwibia yeye na unajiibia wewe, maana kazi nzuri uliyoifanya hakuna atakayejua ni yako.

Mbona wapigaji wengi wanaogopa shepu mpya?

Kwa sababu gitaa sio simu. Unalinunua ufanane na mtu aliyekufanya upende muziki. Hilo halina ubaya.

Lakini angalieni historia, ile Les Paul ambayo leo ni kama kitu kitakatifu, ilikuwa haiuziki, mwishoni mwa 1960 Gibson wakaacha kuitengeneza wakaweka SG mahali pake, na 1968 ndo ikarudi baada ya vijana wa bluzi Uingereza kuzitafuta za zamani. Firebird ya 1963 waliita mbunifu wa magari, Ray Dietrich, aichore, nayo haikuwika kama walivyotarajia. Shepu inakaa inangoja mtu wake. Wakati mwingine inangoja miaka kumi.

Sisi wa dansi, rumba na benga tuchague shepu gani?

Niulize kwanza unapiga nafasi gani. Wa solo, sebene likianza unaishi juu kule freti ya 12 hadi ya 20, kwahiyo angalia pembe ya chini imekatwa kwa kina gani na pale shingo inapoungana na bodi pana unene gani. SG na Strat mkono unapita, Les Paul kuna kisigino kikubwa cha mbao kinakugonga kiganja. Wa rithim huendi huko, wewe angalia mkono wa kulia unalala wapi, maana utakuwa unakung'uta nyuzi bila kupumzika wimbo wa dakika kumi. Na wote wawili pimeni uzito, Les Paul inafika kilo 4 na kupita, na bendi zetu hazipigi saa moja zikashuka, zinapiga mpaka asubuhi.

Nina mwili mdogo, magitaa yote naona makubwa.

Sio wewe, ni wao walichora wakiwaza mwanaume mwenye mabega. Annie Clark, anayejulikana kama St. Vincent, alichora gitaa lake na Music Man likatoka 2016, kiuno chembamba, jepesi, kona zimekatwa kwa pembe kali, na kifua kinapata nafasi. Tunahitaji mengi ya namna hiyo. Dada mmoja alikuja akiniambia gitaa linambana kifuani na fundi aliyepita alimwambia atazoea. Hapana dada yangu, mbao ndo inachongwa, mwili hauchongwi.

Nataka kuchora yangu. Nianzie wapi?

Anza na mstari, sio na mchoro wa pembeni. Chukua boksi kubwa la friji, chora mstari wa katikati, weka urefu wa uzi (Fender ni milimita 648, Gibson karibu 628), weka daraja, weka mwisho wa shingo, weka alama ya freti ya 12. Hapo sasa ndo unazungushia bodi. Kitufe cha mbele kisogeze karibu na hiyo alama ya 12 kadiri uwezavyo. Kata boksi, kaa nalo mbele ya kioo, liweke pajani, simama nalo, fanya kama unapiga. Halafu kata plaiwudi, funga shingo yoyote ya zamani, ning'iniza kwenye mkanda, achia mikono. Likibaki pale ulipoliacha, endelea.

Mbao: mkangazi ni rafiki, unachongeka na hauchoshi bega. Mninga mzuri kwa macho ila chagua kipande chepesi. Mvule vaa barakoa, vumbi lake linawasha kifua na macho. Mpingo usithubutu kwa bodi, ule unazama majini, uache kwa ubao wa freti.

Na azima bila aibu, mkato wa tumboni wa Strat azima, mkato wa SG azima. Wewe leta sura.

Begi nitapata wapi la gitaa lenye shepu ya ajabu?

Hili watu wanalikumbuka wakishalipa. V na Explorer haziingii kwenye begi la kawaida, na kwenye stendi ya kawaida, ile ya kushika makalio ya gitaa, V haikai kabisa, tafuta ile ya kuning'iniza shingo au lilaze. Mafundi wanaoshona mabegi ya shule na viti vya magari wanaweza kukushonea, wapelekee ile plaiwudi yako ya mfano kama kipimo badala ya gitaa lenyewe, waambie waweke sponji ya inchi moja pande zote na mbili upande wa kichwa, na zipu ianzie chini.